Majira ya Baridi Katika Milima ya Oman

Sisi watu wa pwani tunapoanza kuulalamikia ukali wa kaskazi, ndipo wenzetu wa Oman wanapofungua masanduku yao wakatoa mablanketi. Majira ni yale yale. Siku hizi zinazotutoa jasho Unguja na Mombasa, tangu Desemba hata Machi, kule kwao ndizo siku za baridi, na baridi kwao ndiyo raha ya mwaka. Wazee wetu walilijua jambo hili zaidi kuliko sisi tunaosafiri kwa ndege, kwani ni hiyo kaskazi iliyowaletea majahazi ya Sur na Maskati yakiwa yamejaa tende na papa mkavu na mazulia, na kusi ikishika yakarudi kwao na boriti. Basi zama hizo baridi, katika mji kama Sur, ilikuwa ni majira ya nyumba zisizo na wanaume. Baba yuko Zanzibar, kaka yuko Lamu, mama na watoto wanahisabu miezi. Leo jahazi moja la mji huo, Fatah al-Khair, lililoundwa mwaka 1951, limewekwa nchi kavu watu wapate kulitazama, na siku za baridi zimegeuka kuwa ni siku za watu kukutana: mke na mume, babu na wajukuu, wote hutoka nje pamoja.

Hii ni khabari ya siku tatu za namna hiyo, nilizozipata mwezi wa Januari nilipokwenda kumzuru ndugu yangu wa kike aliyeolewa huko Maskati. Ili msomaji aifahamu furaha ya watu wale, kwanza aijue shida yao. Mwezi wa Juni na wa Julai joto la Maskati hupita digrii 40, na mtu hutoka nyumbani mbio kuingia garini, akatoka garini mbio kuingia dukani. Watoto hawachezi nje illa usiku. Hata miezi hiyo ikipita na Januari ikaingia, mchana huwa ni digrii ishirini na kitu tu, upepo mwanana, na mbingu safi. Mtu wa Unguja aweza kusema kwamba hiyo si baridi, hicho ni kipupwe chetu cha Julai. Naye asifanye haraka ya kusema, asubiri mpaka apandishwe mlimani.

Nyumba ya ndugu yangu ni nyumba ya Kiswahili. Mwenye nyumba hasa ni mkwe wake, mzee aliyepita miaka themanini, ambaye alizaliwa katika kijiji kimoja karibu na Nizwa, akachukuliwa Unguja na baba yake kwa jahazi akiwa mtoto wa miaka kumi, akasoma na kufanya kazi huko, kisha akarejea Oman katika miaka ya 1970 kama walivyorejea wengi. Kiswahili chake ni cha Malindi ya Unguja, kile cha zamani, na nilipata kumsikia akitumia maneno ambayo sisi tulio huku tumekwisha yasahau. Wajukuu wake wanakifahamu, lakini wakijibu hujibu kwa Kiarabu. Hilo Mzee halimpendezi, wala halimzuii kuwasemesha.

Waomani wakitoka kwenda kutembea hawatoki kama sisi tunavyokwenda Forodhani na mfuko wa karanga. Alkhamisi mchana ulipoisha kazi, magari mawili yalipakiwa mikeka, mito, mabuli, kuni, sufuria ya wali, makaa, nyama iliyokwisha tiwa viungo kwa ajili ya mishikaki (nao huiita kwa jina hilo hilo, mishkak), chungu cha halua, na dumu tatu za maji. Nilidhani tunahama.

Kutoka Maskati mpaka Nizwa ni kama kilomita 160, njia nzuri ya lami inayokwenda katikati ya milima isiyo na hata jani. Kabla ya kufika, tulipinda tukaingia Birkat al-Mauz. Maana yake ni birika la ndizi, na kweli, chini ya magofu ya nyumba za udongo, unaikuta migomba na mitende imesimama katika kivuli chake kana kwamba mtu ameikata Pemba kipande akakitupa jangwani. Maji yake hutoka katika falaj iitwayo al-Khatmein. Falaj ni mfereji uliochimbwa kuyatoa maji chini ya mlima au penye chemchemi, ukayaongoza kwa mwinamo mdogo sana mpaka yafike kijijini yenyewe, bila ya pampu wala mtu kuyavuta. Ziko kama 3,000 zinazofanya kazi hata leo katika nchi hiyo, na tano katika hizo, hii ikiwamo pamoja na Falaj Daris ya Nizwa, ziliingizwa na UNESCO mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa ulimwengu. Wenyeji husimulia kwamba Nabii Suleiman alipita Oman na majini yake, akayaamuru yakazichimba kwa siku kumi. Hiyo ni hadithi ya kuwasimulia watoto. Waliozichimba ni watu, kwa sururu, na wengi wao bila ya shaka walikufa humo.

Lakini kilichonisimamisha mimi pale si uchimbaji, ni ugawaji. Maji ya al-Khatmein yakifika penye mawe fulani hugawika njia tatu zilizo sawa, hapana moja inayoizidi mwenzake, na kutoka hapo kila shamba lina zamu yake. Mtu hamiliki maji kwa ndoo, humiliki wakati. Kipimo chao huitwa athari, nacho ni kama nusu saa, na zamani mchana walikipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, na usiku kwa kuchomoza nyota. Juu kabisa, mwanzo wa mfereji unapotokeza, ni pa kunywa, na hapo hapazuiwi mtu, awe mwenyeji au mpita njia. Chini yake huja msikiti, kisha mahala pa kuogea wanaume na pa wanawake, kila wamoja mbali, na mwisho kabisa ndiyo mashamba. Ziko athari zilizowekwa wakfu kwa msikiti, na ziko zinazokodishwa ili falaj yenyewe ipate fedha za kutengenezwa. Ipo na serikali yake ndogo: wakili, na chini yake waarifu, na mwenye kuandika daftari. Mwalimu yeyote wa chuo aliyewahi kusomesha mlango wa maji katika vitabu vya fikihi angelipenda kuwaleta wanafunzi wake wakae pale asubuhi moja tu, nayo ingewatosha mwezi mzima wa kusoma.

Ijumaa asubuhi tulikwenda sokoni Nizwa. Soko la mbuzi huanza mapema, na lina taratibu ambayo sikuiona kwetu. Wanunuzi hukaa au husimama duara, katikati na pembeni, na wauzaji ndio wanaozunguka, kila mmoja na mbuzi wake kwa kamba, akiinadi bei. Mnunuzi akipenda humsimamisha, akamfunua mbuzi meno, akampapasa mgongo, wakanong'onezana. Watoto wa miaka saba na minane wamo humo humo wakivuta mbuzi waliowazidi uzito. Mmoja alivutwa yeye badala ya kuvuta, akapita mbele yetu mara mbili bila ya kutaka, na watu wote wakacheka, na baba yake akacheka kuliko wote. Kabla ya wakati wa sala ya Ijumaa palikuwa peupe, pamebaki majani na samadi.

Juu ya soko inasimama ngome ya Nizwa, na mnara wake wa duara uliojengwa na Imam Sultan bin Seif al-Yaarubi katika karne ya 17. Vijana wetu wa pwani walijue jina hili. Huyu ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na ni zama za mwanawe, Imam Seif bin Sultan, Ngome ya Mombasa ilipotekwa kutoka kwa Wareno hao hao, mwishoni mwa mwaka 1698.

Alasiri, katika uwanja karibu na ngome, ndipo nilipoiona razha. Wanaume hupanga safu mbili zinazoelekeana, wazee kwa vijana, kanzu nyeupe, kilemba, jambia kiunoni, na upanga mkononi au bakora. Ngoma ni mbili, kubwa waiita rahmani na ndogo kasir. Mshairi hutoa ubeti, safu ya kwanza ikaupokea, safu ya pili ikaujibu, na huku wamo wanaotoka katikati wakazunguka, wakaurusha upanga juu ukizunguka hewani, wakaudaka kwa mpini wake. Aliyekwisha liona goma la Lamu, safu za watu na bakora zao wakati wa Maulidi, hatahisi ugeni hata kidogo. Ataona kama amewakuta binamu zake. Zamani razha haikuwa mchezo. Ilikuwa ni wito wa vita, au khabari ya ushindi, au njia ya kusuluhisha makabila mawili yaliyokosana, na lililoshindikana kusemwa kwa maneno ya kawaida lilipatiwa ubeti.

Najua wako wasomaji watakaouliza khabari ya ngoma. Wanavyuoni wamekhitalifiana, na kurasa hizi si mahala pa kuimaliza khitilafu yao. Nitasema niliyoyaona. Wanawake walikaa upande wao na watoto, ndugu yangu miongoni mwao. Maneno yaliyoimbwa yalikuwa ni ya sifa njema na salamu. Na ilipokaribia magharibi ngoma zilinyamaza kabla ya muadhini kufungua kinywa, bila ya mtu kuambiwa.

Mzee yeye alikuwa na lawama nyingine. Aliketi kitini na bakora yake, akawatazama vijana, kisha akaniambia, "Sheikh, unawaona? Panga wanazirusha vizuri, kuliko sisi. Lakini sikiliza vinywa vyao."

Nikasikiliza. Vijana walikuwa wakifuata sauti ya mwisho ya kila mstari tu, kama wanafunzi wasiohifadhi wanavyofuata dua ya chuoni. Mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa mmoja wao. Akarudi kwetu anahema, uso unamng'ara, akamuuliza babu yake, "Je, Babu, umeniona?"

"Nimeuona upanga wako," akajibu Mzee.

Oman haina razha peke yake siku hizi za baridi. Sur, na pwani ya Batina, watu hucheza lewa, ambayo kila mtu huko anakubali kwamba imetoka kwetu: duara, zumari, ngoma kubwa, na katika nyimbo zake mna maneno ya Kiswahili ambayo wachezaji wengi huyaimba bila ya kuyajua maana. Na katika mji wa Barka wamezoea katika baridi kupiganisha mafahali, wawili husukumana kwa vichwa mpaka mmoja akakimbia. Mpemba akisikia hayo atakumbuka mchezo wa ng'ombe wa kwao, uchezwao katika kiangazi hicho hicho, ijapokuwa kule ni mtu ndiye anayemkabili ng'ombe, na kote kuwili husemwa kwamba asili yake ni Wareno. Mimi sikwenda kuutazama, kwani wanavyuoni wamekataza kuwachochea wanyama wapigane, na tena Mzee naye alikuwa ana hamu ya mlima.

Jumamosi kabla ya alfajiri tukapanda Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote ya Oman, yapata mita 3,000. Tulisimama kusali katika uwanda wa juu. Hapo ndipo nilipoacha kuilinganisha baridi ya Oman na kipupwe. Maji yaliyobaki katika ndoo nje ya nyumba ya wafugaji yalikuwa na ngozi nyembamba ya barafu, na watoto, ambao hawajapata kuona jambo hilo maishani mwao, waliivunja wakagawana vipande kama halua. Lakini zamu ya kutawadha ilipofika furaha yao ikapungua. Mdogo wao, wa miaka kumi, akaja kwangu na uso wa mwanachuoni, akaniambia kwamba amesoma kisa cha Amr bin al-As, Mungu amwie radhi, aliyetayamamu usiku wa baridi kali alipoihofia nafsi yake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumgombeza. Nikamwambia kisa ni sahihi, lakini Amr hakuwa na birika la maji ya moto juu ya kuni nyuma yake. Akageuka, akaliona, akaondoka kimya.

Jua lilipotoka tukaona tulipo. Mbele yetu ardhi ilikatika kama mkate uliokatwa kwa kisu, na chini yake, kiasi cha mita elfu moja, lilikuwa bonde la Ghul. Mbuzi wakitembea ukingoni kama watu wanaokwenda dukani. Wanawake wa wafugaji wakiuza mazulia madogo ya sufi, mekundu na meusi, na ndugu yangu akanunua mawili baada ya mapatano marefu kuliko ya mbuzi. Mchana ukapita kwa mishikaki na kahawa na usingizi juani.

Baada ya adhuhuri mawingu yakaanza kukusanyika upande wa magharibi. Mvua za Oman kaskazini huja khasa katika miezi hii ya baridi, na mlima ule hauna udongo wa kuzinywa. Tone likianguka huteremka. Tukafunga mizigo upesi. Wakati tunashuka mvua ikatukuta, kisha ikatuacha, na tulipofika chini, karibu na Al Hamra, njia ilikuwa kavu na jua la alasiri linatoka tena. Tukafika mahala ambapo lami inakata ndani ya wadi. (Siyo wadi ya hospitali; wadi kwao ni bonde la mto, ambalo siku nyingi za mwaka halina hata tone.) Pembeni mwa njia husimikwa nguzo zilizopakwa rangi, nyeupe chini na nyekundu juu, ili dereva aijue kina cha maji. Maji yalikuwapo, ya rangi ya chai, lakini hata nusu ya nyeupe hayajafika.

Mpwa wangu akapunguza mwendo, asisimame. "Simama," akasema Mzee.

"Babu, hayafiki hata kifundo cha mguu."

"Haya uyaonayo ni ya hapa. Ya mlimani bado yako njiani. Simama."

Kijana akasimama. Nyuma yetu gari jingine lilikuja, likatupita, likaingia majini taratibu, likatokea ng'ambo salama, na dereva akatupungia mkono. Mpwa wangu hakusema neno, lakini niliona vidole vyake juu ya usukani. Kesho yake ilikuwa Jumapili, siku ya kazi, naye ana miezi mitatu tu tangu kuajiriwa, na Maskati ni mbali. Ndugu yangu, katika gari la pili, akateremka akaja kuuliza kuna nini. Mzee hakumjibu. Alikuwa amefungua kioo chake na kulitega sikio upande wa juu wa bonde, na mimi nikasikiliza pia, nisisikie kitu ila ndege.

Kisha ndege wakanyamaza. Pakaja mlio ambao nilidhani ni wa lori linaloshuka mlima, na pindo la bonde likatoa ukuta wa maji mekundu, si mrefu, labda kiasi cha kiuno cha mtu, umebeba matawi na mawe na shina zima la mtende. Ukapita mbele yetu. Nguzo zikabaki na rangi nyekundu peke yake, kisha hata hiyo ikawa haionekani. Watoto waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza wote. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 maji kama haya yalilichukua gari la watoto wa skuli katika Sharqiya ya Kaskazini, na hapana nyumba katika nchi ile iliyosahau. Sheria yao humwadhibu dereva anayeingia wadi linaloteremka, lakini sheria haikuwapo pale. Palikuwa na mzee mmoja na kioo kilichofunguliwa.

Tulikaa ukingoni zaidi ya saa sita. Magari yakaongezeka nyuma yetu, kumi, kumi na tano, watu tusiojuana. Tukasali magharibi na isha kwa jamaa, nikasukumwa mbele kuwa imamu. Kuni zilizobaki zikawashwa, kila gari likatoa lilichonacho, na halua yetu ikesha dakika chache. Kisha mtu mmoja wa makamo, mtu wa Bahla, akaanza kutoa ubeti wa razha kwa sauti ya chini, kama mtu anayejiliwaza. Mzee akaupokea. Yule akatoa wa pili, na Mzee akamjibu. Mpwa wangu akageuza dumu tupu la maji akawa anapiga, na baada ya kitambo nikamwona amesogea karibu na babu yake, akimtazama kinywani, na mstari unaporudiwa anautamka wote, mwanzo hata mwisho wake. Akikosea Mzee humpiga kidogo gotini kwa bakora, naye hurudia.

Yapata saa saba usiku sauti ya maji ikapungua. Vijana wengine wakataka kwenda. Mzee akaomba tochi, akateremka ukingoni akishikwa mkono na mjukuu wake, wakaitazama nguzo, wakarudi. Wakakaa tena nusu saa. Mara ya tatu ndipo mjukuu aliporudi peke yake, akasema babu amesema sasa, na magari yakavuka moja moja, kila moja likingoja mwenzake atoke.

Tulifika Maskati adhana ya alfajiri inatolewa. Mpwa wangu akasali, akavaa kanzu safi, akanywa chai wima, akaenda kazini.